Mgeuze Mnyama Kwanza: Kwa Wanaoanza Kukusanya Netsuke

Wengi wanaoanza kukusanya netsuke, vinyago vya kale vya Kijapani vinavyoenea kiganjani, hutazama kwanza uso wa mnyama aliyechongwa, nami nilianza hivyo hivyo. Nawaomba muanze na tumbo lake. Kimono haikuwa na mifuko, kwa hiyo katika enzi ya Edo (1603–1868) wanaume walining'iniza kifuko cha tumbaku au kikasha cha dawa kwa kamba iliyopitishwa nyuma ya mshipi, na netsuke ikakaa juu kuizuia kamba isiporomoke. Mnyama wa kazi hiyo hana budi kuwa na njia ya kamba: ama matundu mawili, mara nyingi moja likiwa pana zaidi ili limeze fundo, ama uwazi kati ya mguu na tumbo. Ndiyo maana panya hujiviringa na kukumbatia mkia wake, na ng'ombe hulala amekunja miguu, kwani chochote kilichochomoza kingenasa kwenye hariri na kuvunjika. Kwangu mimi, mvuto wote wa wanyama hawa umezaliwa na sharti hilo.

Saini iacheni mwisho. Tomotada wa Kyoto alisifika kwa ng'ombe wake, na kitabu cha mwaka 1781 kilichoorodhesha wachongaji tayari kilionya kwamba kazi zake zinaigwa sana. Ng'ombe wangu wa kwanza alikuwa na jina hilo, nami nikamlipia muuzaji pasipo kumgeuza. Nyumbani, chini ya kioo cha kukuzia, niliona ufito mwembamba wa kalibu kati ya miguu, ishara ya kitu kilichomiminwa badala ya kuchongwa, na manyoya yaliyopakwa rangi ya chai badala ya kuchongwa unywele kwa unywele.

Netsuke nyingi zilichongwa kwa pembe za ndovu, nazo zina vikwazo vya kisheria: CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ilizuia biashara yake ya kimataifa tangu 1990, na sheria ya Uingereza ya 2018 inagusa hata vitu vya kale. Nashauri muanze na mbao. Mtafuteni chura wa tsuge, mti wa Kijapani wenye mbao ngumu, wa aina iliyoipa sifa nasaba ya wachongaji ya Masanao wa Yamada, Japani, kisha mpapase taratibu: vipele vya mgongoni viwe vimelainishwa na mikono ya miaka mingi, ilhali vile vilivyojificha kwapani bado vinakwaruza kidole.