Je, inajuzu kumlaza mtu usingizi wa baridi kwa ajili ya tiba au safari ndefu?

SWALI: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, asili yetu Mombasa, tunaishi Maryland, Marekani. Nimesikia kwamba Baltimore, karibu na kwetu, kuna jaribio la kumpoza majeruhi ambaye moyo wake umesimama, wakamshona, kisha wakamrudisha. Nasikia pia wapo wanaotafuta namna ya kuwalaza wanaanga miezi mizima njiani, kama wanyama wanaolala msimu wa baridi. Mume wangu anasema huku ni kuingilia kazi ya Mwenyezi Mungu, na anataka sote tujiandikishe kukataa kufanyiwa jaribio hilo. Je, ana haki? Na aliyelazwa hivyo, sala na saumu zake zinakuwaje? Mkewe na mali yake je?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Alhamdulillah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Dada yangu, hofu ya mumeo naiheshimu, kwani imetokana na kumtukuza Mola wake. Lakini wanachuoni wametufundisha kuwa kulihukumu jambo ni tawi la kulielewa, basi tuanze na kinachofanyika hasa.

Jaribio hilo liliongozwa na Dkt. Samuel Tisherman wa Chuo Kikuu cha Maryland, na mwaka 2019 ilitangazwa kwamba angalau mgonjwa mmoja ameshafanyiwa. Anayehusika ni majeruhi wa risasi au kisu aliyevuja damu hata moyo ukasimama, na njia za kawaida za kumrudisha hazikufaa. Mahali pa damu yake panaingizwa maji ya chumvi yenye baridi kali, mpaka mwili unashuka kwenye nyuzijoto 10 hadi 15. Katika baridi hiyo ubongo unahitaji oksijeni kidogo mno, na wapasuaji wanapata kama saa 2 za kuziba majeraha. Kisha damu inarudishwa, mwili unapashwa joto, na moyo unaanzishwa. Bila baridi hiyo, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu.

Msingi wake si mgeni. Wapasuaji wa moyo wamekuwa wakiupoza mwili na kusimamisha mzunguko wa damu kwa muda katika upasuaji mgumu kwa miongo mingi. Na mwaka 1999 daktari mmoja wa Kiswidi, Anna Bågenholm, alinasa chini ya barafu huko Norway kwa dakika 80. Alipofikishwa hospitali joto lake lilikuwa nyuzi 13.7 na moyo haupigi. Akapashwa joto polepole, akaishi, na baadaye akarudi kwenye kazi ya udaktari. Uwezo huo ameuweka Allah mwilini. Binadamu amekuja kuugundua tu.

Sasa, je, mtu huyo wakati moyo umesimama ni maiti? Hapana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, lilisema mtu huhesabiwa amekufa ikiwa moyo na pumzi vimesimama kabisa na madaktari wakahukumu kuwa hakuna kurudi, au kazi zote za ubongo zimekoma moja kwa moja. Sharti ni kutorudi. Huyu anayetarajiwa kurudi yuko hai kisheria: hakoshwi, hasaliwi, mali yake hairithiwi, na mkewe hakai eda. Tofauti na wale wanaogandishwa baada ya kufa kwa matumaini ya kufufuliwa na sayansi ya baadaye, kama ilivyofanywa huko Marekani tangu 1967. Hao ni maiti, na haki ya maiti Mwislamu ni kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa bila kucheleweshwa. Kumgandisha ni haramu.

Ama kuingilia kazi ya Mwenyezi Mungu, mumeo na aisome tena Suratul Kahf, ambayo pengine anaisoma kila Ijumaa. Allah aliwalaza vijana wale pangoni miaka 300 na wakazidisha 9, na katika aya ya 18 Anasema kwamba alikuwa akiwageuza upande wa kulia na wa kushoto. Wauguzi wa wagonjwa mahututi wanajua kwa nini: mwili usiogeuzwa hutoka vidonda vya kulalia. Walipoamka wakaulizana wamekaa muda gani, wakasema siku moja au sehemu ya siku. Ule ulikuwa muujiza, na hakuna daktari atakayeufikia. Lakini aya zile zinatosha kutuonyesha kuwa usingizi mrefu si kitu kinachogongana na tauhidi. Ajali nayo, yaani muda wa kufa aliopangiwa mtu, haisogei: “hawataichelewesha hata saa moja wala hawataitangulia.” Aliyepozwa akapona, hakuongezewa umri kinyume cha alichoandikiwa. Tiba ni katika kadari hiyo hiyo, na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, akasema Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee.

Jambo gumu zaidi kwangu ni idhini. Majeruhi wa namna hii hawezi kuulizwa, ndiyo maana mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu jaribio bila idhini ya mgonjwa mmoja mmoja, baada ya jamii kutangaziwa na watu kupewa njia ya kujitoa. Baraza hilo hilo la Fiqhi, Jidda mwaka 1992, lilisema mambo mawili: kwamba katika dharura inayotishia maisha matibabu hayangojei idhini, na kwamba utafiti wa kitabibu unahitaji ridhaa ya mtu mwenye akili timamu. Hapa yamekutana yote mawili. Mimi naona upande wa dharura una nguvu, kwa sababu mtu yule tayari anakufa na hakuna tiba nyingine anayonyimwa. Laiti ingekuwepo tiba iliyothibiti wakaiacha wapate kujaribu, ningesema haijuzu. Na tusidhani kila upozaji una faida: kwa miaka karibu 20 waliofufuliwa baada ya moyo kusimama walipozwa hadi nyuzi 33 hivi, kisha utafiti mkubwa wa mwaka 2021 ukaonyesha hawakupona zaidi ya wale waliozuiwa homa tu.

Kuhusu sala. Mlalaji wa kawaida akipitwa na sala huilipa anapoamka, kwa hadithi iliyo wazi. Lakini aliyelazwa kwa baridi au nusukaputi, hata umwite namna gani haamki; hukumu yake ni ya aliyezimia. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, katika kitabu chake Al-Majmu' amemtaja anayepotewa na akili kwa ugonjwa, au kwa dawa aliyoinywa kwa haja, kuwa akizindukana halazimiki kulipa sala zilizompita. Akiinywa bila haja, analipa. Mahanbali, wafuasi wa madhehebu ya Hanbali, wanamlipisha aliyezimia kwa hali zote, na Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Hanafi, wanatazama kama muda umezidi mchana na usiku. Sisi wa madhehebu ya Shafi ya pwani tunashika kauli ya Nawawi. Upasuaji ukiwa wa kupangwa, sali kabla ya kuingia. Na akiamka, udhu umetenguka na kuoga ni sunna. Mtume (s.a.w.) katika maradhi yake ya mwisho alikuwa akizimia, akizindukana anauliza, “Watu wamesali?” na anatekewa maji akaoga.

Saumu yenyewe inalipwa, hata kama Ramadhani nzima imepita amelala.

Safari ya anga inasimama juu ya neno hilo la Nawawi: haja. Mpaka leo hakuna binadamu aliyesafirishwa hivyo. Wajapani mwaka 2020 waliwalaza panya kwa kuamsha seli maalumu za ubongo, na mwaka 2023 watafiti wa St. Louis walifanya hivyo kwa mawimbi ya sauti. NASA na shirika la anga la Ulaya wamefadhili uchunguzi wa wazo hilo, maana kufika Mirihi ni miezi 6 hadi 9, na aliyelala hula kidogo. Jirani zetu wa Madagaska wana komba mdogo anayelala ndani ya mti hadi miezi 7 kwa mafuta ya mkia wake, lakini mwili wa komba si wetu. Ikithibiti kuwa ni salama, na safari ina manufaa ya kweli, sioni cha kuharamisha. Anayetaka tu kuruka miaka ili aione dunia ijayo, huyo anajivua ibada kwa hiari bila haja, nami simpi ruhusa. Malaysia walipompeleka mtu wao angani Oktoba 2007, wanachuoni wao walimwandikia mwongozo wa sala huko huko. Waislamu tufanye vivyo hivyo mapema.

Mke ana haki zake. Sayyidna Umar (r.a.) alimuuliza binti yake Hafsa mwanamke huvumilia muda gani bila mumewe, ndipo akawawekea askari kikomo: miezi minne, na katika mapokezi mengine sita. Basi anayekwenda kulala miezi tisa apate ridhaa ya mkewe kwanza na amwachie matumizi yote. Na mali yake, asidhani kumteua wakili kunatosha: kwa kauli yenye nguvu katika Minhaj, kitabu kingine cha Nawawi, uwakala hukatika aliyeuweka akizimia. Wapo wanachuoni wengine wasioukata, basi afuate kauli hiyo, aandike mbele ya mashahidi na kwa sheria ya nchi, akitaja zaka na madeni yake.

Kuhusu kujiandikisha: mumeo akikataa kwa nafsi yake hapati dhambi, kwani tiba isiyo na uhakika si wajibu. Lakini hana mamlaka ya kukukatalia wewe. Kila mtu mzima aamue mwenyewe, na mkikubali au mkikataa, ndugu wa karibu waambieni leo, kwa sababu siku ya ajali hamtaulizwa.

Wallahu aalam.