Kabla hujaongeza RAM, soma mgongo wa chaja

Jumanne usiku nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, anayesomea usanifu wa ndani wa nyumba. "Assalamu alaikum kaka. Nimeona picha zako za sebule, nimezipenda sana. Nina 60,000 nimeziweka tangu mwaka jana. Kuna laptopu ya i7 hapa mjini, safi, haina hata mkwaruzo. Nimetoa arubuni 5,000 na muuzaji ananiwekea hadi Jumamosi. Nimalizie?"

Nikaitikia salamu, nikamuuliza ni i7 gani, maana i7 ni jina la familia nzima ya prosesa za Intel, na prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Akajibu: "Imeandikwa i7 tu, kaka."

Nikaiweka simu chini. Mwaka 2019 mtu angeniuliza swali hilo, jibu langu lingekuwa hilohilo, neno kwa neno. Ndiyo maana nimeamua kuandika haya yote, kwa ajili yake na kwa ajili ya kila kijana wa Pwani anayetaka kuchora nyumba za watu zikapendeza kabla hazijajengwa. Najua mko wengi, na pesa mnazochezea si za kuokota.

Laptopu yangu ya kwanza ya kazi niliinunua kwa 45,000. Nilizidunduliza miezi kumi na moja, nikichora ramani za nyumba za vyumba viwili kule Kiembeni na Mtopanga. Ilikuwa ya mtumba kutoka Uingereza, nyembamba, ya inchi 14, na ile stika ya i7 iling'aa kama kipuli. Nilitembea nayo Digo Road nikiwa nimeikumbatia mkoba na yote. Kwa ramani za mistari haikunisumbua. Siku nilipojaribu kurenda sebule moja, yaani kuigeuza modeli, ile nyumba niliyoijenga ndani ya kompyuta, iwe picha kama iliyopigwa na kamera, ilinguruma dakika arobaini, skrini ikawa nyeusi, ikazimika. Nikajaribu tena usiku, feni ya chumba nimeielekeza kwake. Ikazimika tena.

Nilikuja kujua baadaye kwamba prosesa yake ilikuwa i7-7600U, na i7 hiyo ina viini (cores, sehemu zinazofanya hesabu) viwili tu. Viwili! Wakati huo i5 ya kizazi kilichofuata, ile 8250U, ilikuwa tayari na viini vinne. Stika ilisema i7 na haikusema uongo, ila mimi sikujua kusoma kinachofuata baada ya 7. Ile herufi U mwishoni ina maana prosesa imeundwa itumie umeme kidogo, wati 15 hivi, kwa ajili ya barua na hesabu za ofisi. Herufi H, au HQ kwa zile za zamani, ni za wati 45, nazo ndizo zenye kifua cha kazi yetu. Kadi ya grafiki, ile inayochora picha za skrini, nayo haikuwapo kabisa. Ilikuwa ile ndogo iliyo ndani ya prosesa, inayoazima RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya mashine, na mimi nilikuwa na RAM ya GB 8. Sasa Windows ichukue yake, kivinjari kichukue yake, modeli ibaki na nini?

Miaka miwili iliyofuata haina la kusimulia. Nilichora, nililipa kodi ya nyumba, niliweka akiba.

Mwaka 2022 nikanunua mashine ya kweli. Mtumba pia, lakini ya daraja la kazi nzito: viini sita, kadi ya Quadro P2000 yenye kumbukumbu yake yenyewe ya GB 4, na nafasi nne za RAM. Nzito kama tofali. Nililipa 78,000 na sijajutia hata senti. Kwa mashine hiyo nilifanya kazi nyumba za Nyali, Bamburi, hadi Diani. Naweza kusema bila kujivuna kwamba kuna watu wamekaa kwenye sebule leo ambazo mimi nilizikalia kwanza kwenye skrini.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Kulikuwa na mama mmoja anajenga Mtwapa. Nyumba ya ghorofa moja, baraza pana mbele, na juu ya baraza paa la makuti. Alitaka picha sita na video fupi ya kutembea ndani ya nyumba, malipo 85,000. Tukakubaliana Ijumaa ya wiki ya pili. Jumatano ya wiki ya kwanza umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, chaja yangu ikatoa harufu ya kuungua. Nikaenda mjini nikanunua nyingine kwa 2,500. Ikaingia, taa ikawaka, nikashukuru Mungu nikarudi kazini.

Kuanzia usiku ule mashine ikawa mzee. Kuzungusha modeli tu, unasukuma kipanya, unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo nyumba inageuka. Picha iliyokuwa ikichukua dakika kumi na mbili ikawa haimaliziki hadi alfajiri. Nikasema RAM haitoshi. Nikanunua GB 16 zaidi, 7,000. Haikubadilika kitu. Nikasema ni virusi, nikafuta Windows nikaweka upya, siku nzima ikaenda kurudisha programu. Bado. Nikaipeleka kwa fundi, akaniambia bodi imechoka, akaisafisha kwa 3,500, akanirudishia ikiwa vilevile.

Ijumaa nilikuwa na picha mbili kati ya sita. Niliomba siku tatu, nikapewa, nikaomba nyingine. Yule mama alinipigia mwenyewe, kwa upole kabisa: "Mwanangu, kazi yako nzuri, lakini mafundi wangu wananingoja. Nimempa mtu mwingine." Afadhali angenitukana.

Aliyeitatua kesi ile ni mzee mmoja wa Majengo anayetengeneza redio na feni. Kompyuta hazimhusu. Nilipita kwake kusalimia, nikamlalamikia tu kama mtu anavyolalamika. Akaniuliza, "Ilianza siku gani?" Nikamwambia Jumatano. "Siku hiyo ulibadilisha nini?" Nikanyamaza. Akasema, "Niletee hiyo chaja, na ile iliyoungua uilete."

Akavaa miwani, akazigeuza zote mbili mgongo juu. Ile iliyoungua iliandikwa 19.5V, 9.23A. Mpya iliandikwa 19.5V, 3.34A. Akachukua kalamu akazidisha kwenye kipande cha boksi: ya zamani wati 180, mpya wati 65. "Punda uliyezoea kumpa gunia la majani, sasa unampa konzi," akasema. "Atabeba mzigo?"

Nikafungua Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha mashine inavyofanya kazi, palepale kibandani, ukurasa wa Performance. Kasi ya prosesa ilikuwa 0.78 GHz. Prosesa ile kasi yake ya kawaida ni 2.6. Ilikuwa imejifunga breki yenyewe. Laptopu nyingi za daraja lile zina pini nyembamba katikati ya tundu la chaja, na kupitia pini hiyo mashine huiuliza chaja una nguvu kiasi gani. Ikipata jibu dogo, au isipopata jibu kabisa, hujipunguza kasi ili isizidiwe, na pengine hata betri haiichaji. Na iliniambia! Kila nilipoiwasha yalitokea maneno meupe kwenye skrini nyeusi kuhusu chaja, na kila siku nilibonyeza Enter yapite ili niwahi kazi.

Chaja sahihi niliipata kwa 4,500. Jioni ileile picha ilirudi kwenye dakika kumi na mbili. Nilikuwa nimetumia 10,500 kutibu ugonjwa usiokuwapo, na nimepoteza 85,000 na jina langu kwa yule mama.

Kwa hivyo ndugu zangu, nawaomba. Mashine ikibadilika tabia, usitoe pesa kabla ya kujiuliza maswali ya yule mzee: ilianza lini, na siku hiyo kilibadilika nini? Kisha ifungue Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc, uiache wazi pembeni huku unafanya kazi yenyewe inayokwama. Itazame wakati inateseka, wala si wakati imetulia. RAM ikijaa hadi juu, hapo ndipo RAM ni tatizo. Diski ikisimama kwenye asilimia 100 na ni ile ya kuzunguka, weka SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka. Kasi ya prosesa ikishuka chini ya GHz 1 na kazi ipo, tazama chaja, kisha tazama joto.

Joto la hapa kwetu si mchezo. Prosesa nyingi za laptopu zikikaribia nyuzi 100 hujipunguza zenyewe, na chumba chenyewe Februari kimeshakuwa tanuri. Ongeza vumbi, na hewa ya chumvi kwa sisi tulio karibu na bahari. Mimi hufungua mfuniko wa chini kila baada ya miezi sita, nashika feni kwa kidole isizunguke, napuliza, na pasti ya prosesa, ile inayopitisha joto, nabadilisha mara moja kwa mwaka. Usiiweke laptopu kitandani. Matundu yake ya hewa yako chini, godoro linayaziba.

Kuna jamaa yangu wa Bamburi alikuwa karibu kuuza mashine yake kwa sababu Lumion, programu ya kurenda, ilimkwamia. Kufungua Task Manager, kadi kubwa inafanya asilimia 0, ile ndogo ya ndani ya prosesa inahema peke yake. Laptopu zenye kadi mbili hufanya hivyo. Unaingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya skrini, chini kabisa kuna Graphics, unaiongeza programu yako na kuichagulia kadi yenye nguvu. Dakika mbili tu, bila kulipa mtu.

Na wakati mwingine mashine haina kosa, modeli ndiyo imebeba mawe. Yule mama wa Mtwapa nilimpakulia paa la makuti mtandaoni, zuri ajabu, kila jani limechorwa peke yake. Paa moja lilikuwa na nyuso, vile vipande bapa vinavyounda modeli, zaidi ya milioni mbili. Siku hizi naweka picha ya makuti juu ya paa bapa, kisha nachora majani ya kweli ukingoni tu, pale yanaponing'inia juu ya baraza na jicho linapotua. Minazi nayo vivyo hivyo: ya mbali iwe picha bapa, ya karibu, iliyochorwa kikamilifu, iwe miwili tu. Katika SketchUp, programu ya kuchorea modeli, usisahau kufuta vitu ulivyoviingiza ukaviacha, kwa Purge Unused. Faili langu moja liliwahi kushuka kutoka MB 400 hadi 90.

Lile paa zito sijalitupa. Liko kwenye flashi, na kila nikienda kukagua mashine dukani nalifungua na kulizungusha mbele ya muuzaji. Asiyetaka nilifungue, sinunui kwake.

Kuhusu kuchagua, mdogo wangu, nitasema kwa ufupi kwa sababu mengi nimeshayasema. Tafuta herufi H. Tafuta Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, kwa kuwa Windows 10 ilifikishwa mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa jumla haizikubali rasmi zile za kabla ya hapo. Kadi ya grafiki iwe na kumbukumbu yake, GB 4 kwa uchache, kwa sababu Enscape na Lumion, programu za kurenda, huitegemea kadi. Kuchora kwenyewe ndani ya SketchUp hutumia kiini kimoja zaidi, kwa hiyo GHz nzuri ni bora kuliko viini vingi vizembe. RAM GB 16, vipande viwili vya 8, si kimoja cha 16. Revit, programu ya usanifu wa majengo, ni ya Windows, usije ukanunua Mac kwa ajili yake. Majina ya kutafuta kwenye mitumba ni Precision za Dell, ZBook za HP na ThinkPad za mfululizo wa P. Na chaja iwe yake, yenye wati zake. Isome mgongoni kabla hujalipa.

Pesa isipofika, subiri. Endelea kujifunza kwa Sweet Home 3D, programu ya kupanga nyumba, ni ya bure na haidai mashine kubwa. Miezi mitatu ya kusubiri si kitu. Mimi kutosubiri kulinigharimu miaka miwili, na sitaki kuona mtoto wa mtu mwingine akilipa karo hiyohiyo.

Jana nilimwomba arudi dukani, aiwashe ile laptopu, afungue Task Manager, anitumie picha. Asubuhi hii imefika. Nimeikuza kwa vidole viwili hadi kona ya juu: i7-7600U. Kisha chini: Cores: 2.

Nimemwambia asitoe shilingi nyingine, anisubiri hapo mlangoni. Natoka Tudor sasa hivi, na flashi yenye paa la makuti iko mfukoni.