Re: Kuku anaungua nje, ndani mbichi

Pole, ndugu. Umesema kuku wako anaungua nje na ndani bado ana damu. Hapo kosa ni moto, si viungo. Subiri makaa yavae majivu, kisha yasogeze yote upande mmoja. Mapaja yaanzie upande usio na makaa, yafunike dakika 30 hivi, ndipo uyahamishie motoni ngozi ikauke. Chumvi, kitunguu saumu na ndimu vinatosha. Sosi yenye sukari paka mwishoni, huungua upesi mno.

Marehemu baba alikuwa akinichapa vidole kila nikichokonoa nyama kwa uma. "Iache, itajibandua yenyewe!" Na kweli hujibandua. Kipimajoto kikifika nyuzi 74 karibu na mfupa, epua.