Programu Yenye Mipangilio Mibovu Isiwake Kabisa

Kijana mmoja wa Kakamega ameniandikia: mfumo wake wa malipo unafanya kazi vizuri kwenye laptopu, ila akiupeleka kwenye seva unakwama bila kusema neno. Nikamuuliza, ukiuwasha huwa unakagua mipangilio yake kwanza? Hakuwa ameliwazia hilo. Wengi wetu tunaotaka kula kwa jasho la programu hatuliwazii.

Juzi nilikuwa Kisumu, kwenye duka la jumla karibu na Kibuye, tukiutoa mfumo kwenye majaribio ili upokee pesa halisi za M-Pesa. Ukakataa kuwaka. Kwenye skrini kulikuwa na mistari miwili:

NAMBA_YA_BIASHARA: 174379 ni ya majaribio, mazingira ni halisi
ANWANI_YA_MAJIBU: haipo

Mwenye duka alikunja uso, maana wateja walikuwa wamepanga foleni. Tulijaza palipohitaji kujazwa, ukawaka, shilingi ya kwanza ikaingia. Nilijivunia sana. Namba hiyo ya 174379 hutumiwa na wengi wanaojaribu Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa, na ina tarakimu zake sita kamili. Ukaguzi wa kuangalia tu kama ni namba ungeipitisha.

Kuna kampuni niliyowahi kuifanyia kazi ambako nilipendekeza ukaguzi wa aina hii, nikaambiwa nawapotezea watu muda. Baadaye wateja wakalipa na mfumo usione kitu, kwa kuwa majibu ya M-Pesa ya kuthibitisha malipo yalikuwa yanaelekezwa kwenye seva ya majaribio. Lawama zikaniangukia mimi. Bado inaniuma.

Kwa hivyo nisikilizeni. Vigeu vya mazingira, yaani mipangilio ambayo programu hupewa kutoka nje inapowashwa, vyote huingia kama maandishi. Ukiandika DEBUG=false, yaani hali ya kusaka makosa izimwe, kisha ukampa Python neno hilo false kupitia bool(), inayogeuza kitu kuwa kweli au si kweli, atakujibu True (kweli), kwa sababu maandishi si matupu. JavaScript nayo hugeuza maandishi matupu kuwa 0 ukitumia Number(), hivyo kisichojazwa huonekana kama namba. Namba ya poti, mlango ambao programu hupokelea mawasiliano, iwe kati ya 1 na 65535. Muda wa kusubiri jibu unaweza kuuwekea thamani ya akiba, itumike usipojazwa. Ufunguo wa malipo, kamwe! Ukikosekana, programu isimame hapo hapo, kabla hata haijagusa hifadhidata.

Tena itaje makosa yote kwa mkupuo, mtu asirekebishe moja akakutana na lingine. Itaje jina la kinachokosekana na kilichotarajiwa, ila thamani ya siri isiichape, kwa sababu logi, yaani kumbukumbu ambamo programu huandika yanayotokea, husomwa na watu wengi.