Silabi za Kikorea kwenye kompyuta: ya kujua kabla hujagusa data

Ukipewa kazi yenye maandishi ya Kikorea, elewa kwanza kwamba silabi ileile unayoiona kwenye skrini inaweza kuhifadhiwa kwa namna mbili, na zote ni halali. Silabi 한 inaweza kuwa namba moja ya Unicode (orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake), U+D55C, iliyoandikwa kwa mfumo wa namba wa kumi na sita, au namba tatu mfululizo: konsonanti ya mwanzo U+1112, irabu U+1161 na konsonanti ya mwisho U+11AB. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwenye UTF-8, njia ya kuziandika namba hizo kama baiti, ya kwanza inachukua baiti 3 na ya pili baiti 9, na programu ikizilinganisha moja kwa moja itasema hazifanani. Ndiyo maana mtu hutafuta faili aliyoiona sasa hivi akaambiwa haipo.

Silabi kamili ziko 11,172, kuanzia U+AC00 hadi U+D7A3, na mpangilio wake unapendeza kweli: konsonanti za mwanzo 19, mara irabu 21, mara nafasi 28 za mwisho, maana silabi isiyo na konsonanti ya mwisho nayo inahesabiwa. Kwa hiyo huhitaji jedwali ili kupata namba ya silabi. Hesabu nafasi ya kila sehemu kwenye orodha yake, kuanzia sifuri. Kwa 한, ㅎ ni 18, ㅏ ni 0, ㄴ ya mwisho ni 4:

(18 × 21 + 0) × 28 + 4 = 10,588

Jumlisha 44,032, yaani AC00 kwa desimali, upate 54,620, ambayo ndiyo D55C. Jaribu 글 kwa mkono: ㄱ ni 0, ㅡ ni 18, ㄹ ya mwisho ni 8. Jibu ni 44,544. Wengi hukosea kwa kutumia orodha ya mwanzo kwenye nafasi ya mwisho. ㄴ ya mwanzo ni 2, na ukiiweka mwishoni utapata 핚.

Data ikiingia tu, ipitishe kwenye NFC, kanuni ya Unicode inayounganisha sehemu za silabi kuwa namba moja, kabla ya kuilinganisha au kuihifadhi. Kwa Python ni `unicodedata.normalize("NFC", maandishi)`. Majina ya faili kutoka kompyuta za Mac yashuku kwanza, kwani HFS+, mfumo wa faili wa Mac za zamani, huyahifadhi yakiwa yametenganishwa. Ila herufi mojamoja za U+3131 hadi U+318E hazitaunganishwa na NFC. Usikimbilie NFKC, kanuni inayofanana na NFC lakini hugeuza pia herufi hizo mojamoja: ㅎㅏㄴ zitatoka 하 na ㄴ iliyobaki peke yake, kwa sababu ㄴ hiyo hugeuzwa kuwa konsonanti ya mwanzo.

Faili za zamani mara nyingi ni EUC-KR, usimbaji wa Kikorea wa kabla ya Unicode, yenye silabi 2,350 tu za kawaida. 똠, kwa mfano, haimo. CP949, upanuzi wa EUC-KR, iliongeza 8,822 zilizobaki na bado inasoma zile za kwanza, kwa hiyo anza nayo. Ukiona ÇÑ±Û mahali pa 한글, baiti za EUC-KR zimesomwa kama Latin-1, usimbaji wa lugha za Ulaya Magharibi. Usihifadhi kitu. Funga faili, ifungue upya kwa CP949, ndipo uigeuze kuwa UTF-8. Silabi ikishahifadhiwa kama alama ya kuuliza, hairudi tena. Itabidi uombe faili asilia.