Kununua shamba pori Mufindi

Ndugu, umeuliza utapataje shamba pori, yaani ardhi isiyoendelezwa, wilayani Mufindi, Tanzania, la kuweka kama akiba. Usianzie kwa dalali. Anzia ofisi ya kijiji, kwa kuwa ardhi ya kijiji husimamiwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, na mnunuzi asiye mkazi huhitaji ridhaa ya halmashauri ya kijiji, hivyo sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Shamba likague wakati wa mvua, ukiongozana na majirani wa mipaka yote, kwani bonde lililokauka Oktoba huweza kuwa chanzo cha maji, na sheria ya mazingira ya 2004 huzuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo hicho. Mimi bei ningeiuliza mwisho, baada ya kuiona njia ya kutolea magogo, endapo utapanda miti.