Yakobo aliuawa, Petro akafunguliwa

Swali la juma hili lilikuwa: "Mungu anapokaa kimya mbele ya maombi ya mtu anayeteseka, imani ya Mkristo husimama juu ya nini?" Naomba kulijibu nikianzia kwenye sura ya 12 ya Matendo ya Mitume, sura ambayo huhubiriwa mara nyingi lakini aghalabu nusu yake tu.

Nusu tunayoipenda ni ile ya Petro: askari 16 waliopangwa kwa zamu, minyororo miwili, malaika anayemgusa ubavuni, na lango la chuma linalofunguka lenyewe. Kabla ya hayo yote, katika aya ya pili, Luka ameandika sentensi moja tu kwamba Herode alimwua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Yakobo huyu hakuwa mfuasi wa pembeni. Alikuwa mmoja wa wale watatu waliopanda pamoja na Yesu mlima alikogeuka sura, na ndio haohao watatu waliochukuliwa karibu naye Gethsemane. Mfalme alikuwa yuleyule, kanisa lilikuwa lilelile, na Bwana waliyemwomba alikuwa yuleyule; mmoja akazikwa, mwingine akatoka gerezani akaenda kubisha hodi mlangoni kwa Mariamu, mama yake Yohana Marko. Luka haelezi kwa nini. Hadokezi hata kidogo kwamba Yakobo alikuwa na kasoro ambayo Petro hakuwa nayo, wala kwamba safari ya kwanza waumini waliomba kwa ulegevu.

Tena tazama hao waliokuwa wakimwombea Petro usiku ule. Kijakazi Roda alipowaambia kwamba Petro yuko mlangoni, walimwambia ana wazimu, na aliposhikilia kwamba ni kweli, wakasema labda ni malaika wake. Watu waliojibiwa maombi yao hawakuamini jibu lilipofika mlangoni. Kwangu mimi aya hiyo inatosha kuyaangusha mafundisho yale yanayosema kwamba ukubwa wa imani ya mwombaji ndio unaopima kama atapokea au hatapokea.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimeona mafundisho hayo yanavyofanya kazi kando ya kitanda cha mgonjwa. Nilikuwapo wodini siku ambayo kikundi cha maombi kilimzunguka mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mwanawe, ambaye hali yake ilizidi kuwa mbaya licha ya mfungo na mikesha. Waliomba vizuri, kwa machozi ya kweli. Walipomaliza, mmoja wao akainama akamnong'oneza: "Mama, hebu jichunguze, huenda kuna mlango ulioufungua." Yule mama hakujibu, aliendelea kulikunja na kulikunjua shuka la mtoto kwa vidole vyake, na tangu saa ile alibeba mizigo miwili, ugonjwa wa mwanawe na hatia ya kudhani kwamba yeye ndiye aliyeuleta. Mtoto alifariki. Ule mnong'ono haujamtoka mama yake mpaka leo.

Yesu mwenyewe aliukataa mnong'ono huo. Wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake, alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Vivyo hivyo kuhusu watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu: alikana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu. Hata katika kitabu cha Ayubu, Elifazi na wenzake walikuwa na mafundisho yaliyopangika vizuri, na wakati wao bora kuliko wote ulikuwa zile siku saba walizoketi chini pamoja na Ayubu bila kusema neno. Walipoanza kueleza ndipo walipoharibu. Mwishoni Mungu anamkasirikia Elifazi na rafiki zake, naye Ayubu, aliyekuwa amelalamika, amehoji na kuilaani siku aliyozaliwa, anaambiwa kwamba ndiye aliyenena yaliyo sawa.

Hapa pana jambo tunalolipita haraka misibani. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" ni maneno ya mfiwa mwenyewe. Ayubu aliyasema juu ya wanawe, na hakuna rafiki hata mmoja aliyemwambia hivyo. Vivyo hivyo na ule msemo wetu kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Aliyefiwa akiusema, huenda ameufikia kwa njia ndefu na ya machozi; mgeni akimtamkia kabla kaburi halijafukiwa, anamfunga mdomo.

Najua msomaji atauliza kuhusu ahadi: si imeandikwa, ombeni nanyi mtapewa? Imeandikwa, nami siipunguzi. Lakini aliyeitamka ndiye aliyeanguka kifudifudi Gethsemane akaomba kikombe kimwepuke, akarudia mara tatu, na kikombe hakikuondolewa. Imani yake haikuwa ndogo, wala hakuna mlango alioufungua. Ikiwa Mwana aliomba hivyo na bado akaenda msalabani, basi ahadi ile haiwezi kuwa na maana kwamba kila tunachoomba kitakuja jinsi tulivyokiomba. Kwa nini huyu aponywe na yule asiponywe, sina jibu, na ninamwogopa mhubiri anayesema analo.

Basi imani husimama juu ya nini? Juu ya huyo aliyelia msalabani, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" akafa, kisha Mungu akamfufua. Petro naye hakufunguliwa ili asife kamwe; kwa mapokeo ya kale ya Kanisa aliuawa Rumi katika utawala wa Nero. Kama tumaini la waumini wale lingekuwa juu ya lango la chuma, lingekufa pamoja naye. Walitumaini ufufuo, ambao Yakobo na Petro wanaungojea kwa haki ileile. Hilo halifuti machozi ya leo, na Yesu, akijua vema kwamba punde angemwita Lazaro atoke kaburini, alilia kwanza pamoja na wafiwa.

Kwa hiyo anayemlalamikia Mungu usiku hajaiacha imani, maana bado anaamini kwamba yuko anayesikia. Ombi langu kwa wachungaji na viongozi wa ibada ni kwamba, pamoja na shuhuda za waliopokea, ambazo nazifurahia kwa moyo wote, wawape nafasi wasiopokea. Maneno yao yamo tayari katika Biblia. Zaburi ya 88 huanza kwa kumwita Mungu wa wokovu, humuuliza kwa nini anauficha uso wake, na huishia gizani bila aya ya shukrani iliyoongezwa mwishoni. Ina aya 18, na inaweza kusomwa yote kwa sauti katika ibada yoyote ya Jumapili, kabla ya sala ya kuwaombea wagonjwa.